Mfagia Ua wa Livno

Paukwa!

Nimewasikia, mmejibu pakawa. Sogeeni basi, wanangu. Mfupi akae mbele ya mrefu. Leo nina hadithi ya mtu aliyefagia ua.

Hadithi yenyewe ilianzia ndani ya gari. Nilikwenda Houston kumjulia hali dada yangu, na niliporudi kwangu Fort Worth nilirudi na wanawe wawili. Mkubwa ni binti wa miaka 11. Mdogo ni mvulana wa miaka 7. Binti husoma sana. Mvulana huuliza sana. Nawapenda wote wawili sawasawa, lakini safarini nampenda zaidi anayeuliza. Kutoka Houston hadi Dallas kwa barabara ya I-45 ni kama kilomita 385, na swali zuri hufupisha njia.

Hatujafika hata Huntsville, penye ile sanamu ndefu nyeupe ya Sam Houston kando ya barabara, mvulana akaanza.

"Mjomba, mbona dada amevaa drafti?"

Nikatazama kwenye kioo. Kweli. Binti alikuwa amevaa jezi ya miraba myekundu na myeupe, kama ubao wa drafti wanaochezea wazee barazani.

"Hiyo ni jezi ya Kroatia," nikamwambia. "Ni nchi ndogo ya Ulaya, iko kando ya bahari, ng'ambo ya Italia. Na Kroatia wanakuja kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Kwetu hapa hapa Texas! Desemba 2025 walipopanga makundi ya Kombe la Dunia, Kroatia iliangukia kundi L pamoja na England, Ghana na Panama. Mechi yao ya kwanza ni Kroatia na England, tarehe 17 Juni 2026, kwenye uwanja wa Arlington. Arlington iko katikati ya Dallas na Fort Worth. Tutaupita uwanja wenyewe leo leo."

Mvulana akapiga kelele ya furaha. Binti akatulia, kama kawaida yake. Kisha akauliza swali lililonifanya nipunguze mwendo.

"Mjomba, kocha wao Zlatko Dalić. Aliichezea Kroatia mechi ngapi?"

"Hakuna. Hata moja."

"Hata moja? Sasa anawafundishaje mabingwa kama Luka Modrić?"

Ahsante, binti yangu. Hilo ndilo swali. Watu wazima wengi hawajawahi kuliuliza. Ningekuwa na kombe garini ningekupa wewe. Sina kombe. Nina hadithi.

Dalić alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1966 katika mji wa Livno. Livno ni mji wa milimani, ndani ya nchi ambayo leo inaitwa Bosnia na Herzegovina. Juu ya mji huo kuna nyanda pana, na huko wanatembea farasi wasio na mwenyewe. Hawafungwi kamba. Hawavutishwi mkokoteni. Wanakula majani na kukimbia. Watu wa Livno wanasifika pia kwa jibini yao.

Wakati huo Bosnia na Kroatia na nchi nyingine jirani zilikuwa nchi moja, Yugoslavia. Ilikuwa kama ua mmoja mkubwa wenye nyumba nyingi. Kila nyumba na jiko lake, lakini kisima kimoja.

Kijana Zlatko alipenda mpira. Mwaka 1983, akiwa na miaka 16, aliteremka kutoka milimani hadi Split, mji wa pwani, kwenye klabu kubwa ya Hajduk. Alijiona sasa atakuwa nyota?

Hakuwa nyota. Alikuwa kiungo mkabaji.

"Kiungo mkabaji ni nani, Mjomba?"

Haya, hapa nataka mnisikilize vizuri. Mkumbuke nyumba ya bibi yenu kule nyumbani. Asubuhi mnapoamka, ua ni msafi. Hakuna jani. Hakuna ganda la ndizi. Mistari ya ufagio inaonekana mchangani kama nywele zilizochanwa. Wageni wanakuja, wanatandikiwa mkeka, wanakula, wanacheza, wanapiga vigelegele. Wanamsifu aliyepika. Wanamsifu aliyeimba. Je, kuna mgeni anayeuliza nani alifagia ua?

"Hakuna," akasema mvulana.

Hakuna. Lakini usipofagiwa wote wataona.

Kiungo mkabaji ndiye mfagia ua. Anasimama mbele ya mabeki, nyuma ya washambuliaji. Mpira ukija vibaya, anaufagia. Adui akipenya, anamfagia. Kisha anampa mpira mwenzake, na mwenzake ndiye anayefunga, na mwenzake ndiye anayebebwa juu. Mfagia ua anarudi mahali pake. Anaanza tena kufagia.

Na mfagia ua ana kitu kimoja ambacho mwimbaji hana. Anaujua ua wote. Anajua kona ipi hukusanya maji. Anajua mti upi huangusha majani mengi. Mshambuliaji anatazama goli tu. Mfagia ua anawatazama watu wote 22.

Basi Dalić alifagia ua. Alifagia Split. Akaenda Vinkovci, akafagia. Akaenda Titograd, mji ambao leo unaitwa Podgorica, akafagia. Akaenda Mostar, akafagia. Kisha mwaka 1991 ule ua mkubwa wa Yugoslavia ukagawanyika, na ukagawanyika kwa vita. Nyumba zilichomwa. Watu walikimbia na mabegi.

Hapa mvulana alinyamaza. Fort Worth jirani zangu wengi wametoka Kongo, wamepitia kambini, na wapwa zangu hucheza na watoto wao. Anajua mabegi ya kukimbilia ni nini.

Nikamwambia: "Wakati ule, karibu na mji wa Zadar, kulikuwa na mtoto wa miaka sita tu. Babu yake aliuawa vitani. Nyumba yao ikachomwa. Familia ikaenda kuishi hotelini pamoja na wakimbizi wengine, na mtoto akawa anacheza mpira kwenye maegesho ya magari ya hoteli. Unamjua ni nani?"

"Nani?"

"Ni Luka Modrić."

Akageuka kumtazama dada yake. Dada yake akaitazama jezi yake, akainyoosha kwa mikono.

Tulisimama Madisonville, kwenye kituo cha mafuta cha Buc-ee's, chenye yule mnyama mwenye kofia na meno mawili mbele. Tukanunua mahindi ya sukari. Tukarudi barabarani. Na hadithi nayo ikarudi barabarani.

Dalić alitulia katika mji wa Varaždin, kaskazini mwa Kroatia, akichezea timu ya Varteks. Varteks ni jina la kiwanda cha nguo, kama Mtibwa Sugar na Kagera Sugar kule Tanzania zilivyobeba majina ya viwanda vya sukari. Alirudi tena Hajduk kwa muda, kisha Varaždin tena, akaacha kucheza mwaka 2000.

Mwaka 1998, Kroatia ilipocheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza kule Ufaransa, Dalić alikuwepo. Lakini alikuwepo jukwaani! Alikwenda kama mshabiki. Akatazama mechi tatu za mwanzo, kisha akarudi nyumbani kwa sababu klabu yake ilikuwa inaanza mazoezi. Wenzake wakaendelea bila yeye hadi nusu fainali, wakafungwa na Ufaransa 2 kwa 1, wakaifunga Uholanzi wakachukua nafasi ya tatu. Fikirini. Nchi yake inaandika historia, na yeye yuko mazoezini Kroatia anakimbia kuzunguka uwanja.

"Masikini," akasema binti.

Usimsikitikie mapema. Subiri.

Kocha aliyeipeleka Kroatia nafasi ya tatu mwaka ule aliitwa Miroslav Blažević. Baadaye mzee huyo alikuja kufundisha Varteks. Na nani alikuwa msaidizi wake? Dalić. Msaidizi wa kocha ni kama mtoto anayekaa jikoni na bibi. Bibi hasemi "leo nitakufundisha kupika." Anasema lete kuni. Anasema chochea. Anasema onja. Siku moja bibi anaondoka kwenda msibani, na mtoto anagundua kwamba anajua kupika wali.

Mwaka 2005 Dalić akakabidhiwa chungu chake mwenyewe pale Varteks. Sasa sikilizeni hili, ni kitu nikipendacho katika hadithi yote, na watu wengi hawakikumbuki. Mwaka 2006 Varteks walifika fainali ya kombe la Kroatia. Fainali ilikuwa ya mechi mbili, nyumbani na ugenini. Mechi ya kwanza, ugenini Rijeka, walifungwa 4 kwa 0.

"Wamekwisha!" akasema mvulana.

Kila mtu alisema hivyo. Wakarudi Varaždin. Mechi ya pili wakafunga moja. Wakafunga mbili. Tatu. Nne. Wakafunga matano! Lakini Rijeka nao walipata moja. Hesabu.

Mvulana akahesabu kwa vidole. "Tano na nne... tano kwa tano!"

Tano kwa tano. Na kanuni ya wakati ule ilisema mkiwa sawa, bao la ugenini lina uzito zaidi. Rijeka walikuwa na bao moja la ugenini. Varteks hawakuwa nalo. Rijeka wakachukua kombe.

Gari lilikuwa kimya. Mvulana alikunja uso kabisa.

"Si haki."

Ni kanuni, mwanangu, ingawa nami iliniuma nilipoisoma. Lakini ona: mtu aliyefungwa manne akarudi akafunga matano, huyo ameona jambo ambalo hatalisahau. Ameona kwamba mechi haijaisha mpaka imeisha. Alibeba jambo hilo kwenye begi lake. Mtaliona tena Moscow.

Akafundisha Rijeka yenyewe. Akaenda Tirana, mji mkuu wa Albania. Akarudi Kroatia, Slaven Belupo ya Koprivnica. Kisha mwaka 2010 akafanya jambo ambalo watu wa kwao walilishangaa. Akaenda Arabuni.

Sisi Waswahili hatushangai. Nani kati yetu hana shangazi Muscat, au binamu Dubai, au jirani aliyekwenda Jidda? Njia ya Ghuba tunaijua tangu majahazi. Lakini kwa makocha wa Ulaya, kwenda Saudia kufundisha klabu ya mji mdogo ilikuwa kama kupotea. Klabu yake ya kwanza huko, Al-Faisaly, si ya Riyadh wala Jidda. Ni ya mji mdogo wa Harmah. Kisha Al-Hilal ya Riyadh wakamchukua, na hata huko alianza na timu ya akiba kabla ya kupewa timu kubwa mwaka 2013, akatwaa nayo kombe. Mwaka 2014 akahamia Al Ain, Falme za Kiarabu. Akatwaa Kombe la Rais. Msimu wa 2014/15 akatwaa ligi. Mwaka 2016 akaifikisha Al Ain fainali ya klabu bingwa za Asia, akafungwa na Jeonbuk ya Korea Kusini.

"Anafungwa fainali tena!" akasema mvulana.

Tena. Na wahenga wetu walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza kwa watu. Miaka saba karibu alicheza kwa watu, kwenye joto, kwa lugha ya mkalimani, na kwao hakuna aliyekuwa akimtaja sana. Aliendelea kufagia.

Kumbe Wakroatia ni wasafiri. Baba zenu wa Dar es Salaam na Nairobi watawaambia habari za Mkroatia mwingine, Zdravko Logarušić, aliyefundisha Gor Mahia na AFC Leopards za Kenya, na Simba ya Tanzania. Desemba 2013 Simba yake iliifunga Yanga 3 kwa 1 katika mechi ya Nani Mtani Jembe. Mimi nina rafiki wa Yanga hapa Dallas ambaye mpaka leo jina hilo halitamki. Tuendelee.

Oktoba 2017. Kroatia wako matatani. Tarehe 6 wametoka sare na Ufini, 1 kwa 1, tena nyumbani. Imebaki mechi moja, ugenini Kyiv dhidi ya Ukraina. Wakifungwa, hakuna Kombe la Dunia. Kocha Ante Čačić akaondolewa. Mechi ni tarehe 9. Leo ni tarehe 7. Nani atakubali kuchukua chungu kinachofoka, siku mbili kabla ya wageni?

Wakampigia Dalić. Akakubali. Hakusaini mkataba wowote. Alikutana na wachezaji wake uwanja wa ndege, wakiwa wanaondoka.

"Siku mbili tu?" akauliza binti. "Aliwafundisha nini kwa siku mbili?"

Kwa siku mbili humfundishi mtu kupika. Unapunguza moto tu. Chungu kikifoka, mjinga anaongeza maji, anaongeza chumvi, anakoroga kwa nguvu. Mwenye akili anatoa kuni mbili. Nionavyo mimi, ndicho alichofanya Dalić. Aliwatuliza watu. Kroatia wakashinda 2 kwa 0, mabao yote ya Andrej Kramarić. Mwezi uliofuata, kwenye mechi za mchujo, wakaitoa Ugiriki, 4 kwa 1 nyumbani na 0 kwa 0 ugenini. Wakaenda Urusi.

Tulikuwa tumepita Corsicana. Mvulana alikuwa ameanza kusinzia. Nikabadilisha sauti, nikaifanya nzito na ya mbao.

"Mimi ni benchi."

Macho yakafunguka.

"Mimi ni benchi la Kroatia. Wachezaji wote mnawatazama, mimi hamnitazami. Nakaa pembeni, nabeba wanaongoja. Kila timu ina benchi, na kila benchi lina siri. Mwaka 2018 kule Urusi nilibeba watu wazito wa moyo. Siku ya Nigeria, Kroatia ilishinda 2 kwa 0. Mshambuliaji mmoja, Nikola Kalinić, alitakiwa aingie. Hakuingia. Alisema mgongo unamuuma. Kocha akasema haikuwa mara ya kwanza, na yeye anahitaji watu walio tayari. Akamrudisha nyumbani. Nikabaki na nafasi moja tupu mpaka mwisho."

"Benchi," akauliza binti, "na kama mgongo ulimuuma kweli?"

Nikarudi kwenye sauti yangu, maana swali hilo si la kujibiwa na mbao. Binti yangu, una moyo mzuri. Mgongo wa mtu anaujua mwenyewe. Nami nimejiuliza hivyo hivyo. Lakini kocha alikuwa na watu 23 na safari ndefu, na kila mmoja alikuwa akimtazama atafanya nini. Nadhani alifanya sawa. Wewe unaweza kudhani vingine, na hatutagombana.

"Benchi liendelee," akasema mvulana.

"Haya. Mimi ni benchi. Argentina ya Messi tuliipiga 3 kwa 0. Aislandi 2 kwa 1. Kisha zikaja mechi za mtoano, na hapo ndipo mbao zangu zilipolia. Na Denmaki tulikwenda dakika 120, tukashinda kwa penalti. Na Urusi wenye nyumba, dakika 120, tukashinda kwa penalti. Nusu fainali na England, mjini Moscow, tarehe 11 Julai. Dakika ya tano tu Kieran Trippier akapiga mpira wa adhabu, bao! Watu wetu wamechoka. Miguu mizito kama mawe ya kusagia. Nami nimejaa wachezaji wapya, wanatikisa magoti, wanangoja kuitwa. Kocha akasimama. Akatazama. Hakumwita mtu. Dakika 60, hakumwita mtu. Dakika ya 68, Ivan Perišić akasawazisha. Dakika 90 zikaisha, kocha hajabadilisha mchezaji hata mmoja!"

"Kwa nini?" wakauliza wote wawili.

"Baadaye alieleza. Alitaka kubadilisha, lakini kila aliyemtazama alikataa kutoka. Wote walisema bado wana nguvu. Na yeye akawaamini. Dakika ya 109, Mario Mandžukić akafunga. Kroatia 2, England 1. Mimi benchi nilibaki peke yangu, maana wote walionikalia walikimbilia uwanjani."

Hapo ndipo lile begi la Varaždin lilipofunguliwa, wanangu. Mtu mwingine angetapatapa dakika ya sita. Yeye alikwishaona timu inarudi kutoka manne bila. Na alikuwa mfagia ua. Akiwa amesimama pembeni anautazama ua wote, anajua nani amechoka mguu na nani amechoka roho. Huo ni uchovu wa aina mbili tofauti. Mguu ukichoka unaweza kusukumwa na roho. Roho ikichoka, mguu hauna wa kuusukuma.

Mechi tatu zenye muda wa nyongeza ni dakika 90 zaidi. Maana yake Kroatia walifika fainali wakiwa wamecheza mechi nzima zaidi kuliko Ufaransa. Fainali ilikuwa tarehe 15 Julai 2018. Ufaransa walishinda 4 kwa 2. Mvua ikanyesha wakati wa kugawa medali, makocha na marais wakalowa. Modrić akapewa mpira wa dhahabu wa mchezaji bora wa mashindano. Yule mtoto wa maegesho ya magari.

"Akafungwa fainali ya tatu," akasema mvulana kwa sauti ndogo.

Ndiyo. Lakini Wakroatia wenyewe hawakuiona kama kufungwa. Nchi yao ina watu wasiofika milioni 4. Dallas na Fort Worth pamoja na vitongoji vyake zina zaidi ya milioni 8. Yaani sisi wa hapa tu tunaweza kutoa Kroatia mbili. Timu iliporudi, mamia ya maelfu ya watu walijaza barabara za Zagreb, na basi la wachezaji likatembea kwa saa nyingi kwa sababu halikuwa na pa kupita.

Hayo mengine nitayapita haraka, maana taa za Dallas zimeanza kuonekana. Mwaka 2022 kule Qatar, Dalić alirudi Ghuba aliyoizoea. Akaitoa Japani kwa penalti, kipa Dominik Livaković akadaka tatu. Akaitoa Brazili kwa penalti. Argentina wakamfunga 3 kwa 0. Akaifunga Moroko 2 kwa 1, nafasi ya tatu. Mwaka 2023 alifika fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya, Hispania wakamshinda kwa penalti. Na mwaka 2024, kwenye Kombe la Ulaya, alitolewa makundini. Alikuwa anaongoza na Italia 1 kwa 0, na dakika ya 98 Italia wakasawazisha. Ua unafagiwa leo, upepo unakuja usiku. Asubuhi akashika ufagio tena. Novemba 2025 waliifunga Visiwa vya Faroe 3 kwa 1, wakapata tiketi ya kuja Marekani.

Dallas tukaingia I-30 kuelekea magharibi. Jua lilikuwa linashuka. Mbele, upande wa kushoto, likatokea paa kubwa jeupe lililopinda kama sufuria iliyofunikwa.

"Ndio huo?" akauliza mvulana.

Ndio huo. Ni uwanja wa timu ya Dallas Cowboys, ulifunguliwa mwaka 2009. Unabeba watu 80,000 na ushei. Paa lake linafunguka. Ndani juu kuna skrini kubwa mno inayoning'inia. Kwa Kombe la Dunia umepangiwa mechi 9, nyingi kuliko uwanja mwingine wowote, na moja ni nusu fainali ya tarehe 14 Julai. Kwenu Houston mmepewa 7. Na kwa sababu huo mpira mwingine wa Marekani unachezwa hapo juu ya nyasi bandia, ilibidi itandikwe nyasi halisi kwa ajili ya soka. Kumbe hata uwanja wa matajiri unaanza na mtu anayetengeneza ua.

Na kaskazini kidogo, Frisco, klabu ya FC Dallas ina mshambuliaji anayeitwa Petar Musa. Kwao ni Zagreb. Kwa hiyo binti yangu hayuko peke yake na drafti yake mjini hapa.

Kesho yake asubuhi nilisikia kelele nje ya ghorofa yetu. Nikachungulia dirishani. Watoto wa majirani wanacheza kwenye maegesho ya magari. Wanagombana nani awe mshambuliaji. Wote wanataka kufunga. Mpwa wangu mdogo amesimama nyuma, mikono kiunoni, anawaambia: "Nyie fungeni. Mimi nafagia."

Basi nina ombi moja kwenu mnaonisoma, mlio Houston, mlio Dallas, mlio Fort Worth, na ninyi wa Mombasa na Bukavu na Tanga mtakaokesha mbele ya runinga. Siku ya tarehe 17 Juni, acheni mpira dakika tano nzima. Mtazameni kiungo mkabaji wa Kroatia. Hesabuni mara ngapi ameufagia mpira na mara ngapi jina lake limetajwa. Kisha mtazameni yule mwenye mvi pembeni ya uwanja, muone na yeye anamtazama nani. Andikeni hesabu zenu kwenye karatasi, mniletee. Nitazisoma zote.